Mzee wa Pipa Chini ya Kiti cha Kumi na Saba

Philomène Douchet, jirani yetu hapa mjini Amiens, alipaka nta viti vya kwaya vya kanisa la Mtakatifu Josse kwa miaka thelathini na mmoja. Ni viti vya mwaloni, vya kukunja, na chini ya kila kimoja mafundi wa kale walichonga mtu au mnyama. Philomène aliwajua wote: mwuza maziwa, nguruwe apigaye zumari, mke amkimbizaye mumewe kwa mwiko. Mmoja tu alimshinda. Chini ya kiti cha kumi na saba palikuwa na mzee aliyepiga magoti, shavu kaliegemeza kwenye pipa, macho kayafumba.

"Huyo mlevi," Padri Delattre alimwambia. "Kawekwa hapo atuonye."

"Mlevi bila kikombe, Baba?"

"Labda kilivunjika. Paka nta, Philomène."

Akapaka, lakini jambo halikumtoka. Uso wa yule mzee ulikuwa makini mno. Akamuuliza mwuza samaki. Akaambiwa mzee amelala. Akamuuliza seremala, akaambiwa pipa linavuja. Odile, binti yake, akachoka naye.

"Mama, wenzio wanawaza wajukuu, wewe unawaza mzee wa mbao."

"Wajukuu nikiwauliza wananijibu. Huyu hajibu."

Novemba moja alikwenda kijijini kwa dada yake kusaidia kukamua matufaha. Asubuhi ya siku ya nne aliingia ghalani, akamkuta shemeji yake Anselme kapiga magoti, shavu kwenye pipa la pombe ya matufaha, macho kayafumba.

Philomène akasimama mlangoni.

"Shemeji, unafanya nini?"

"Nyamaza kidogo. Nasikiliza kama imeanza kuchacha." Akamsogezea nafasi. "Njoo usikie. Ila fumba macho, ukiyaacha wazi hupati kitu."

Philomène akainama. Ndani ya pipa mlikuwa na mchakacho mdogo, kama manyunyu juu ya majani makavu. Akakaa pale mpaka magoti yakafa ganzi.

"Inuka, shemeji," Anselme akamtania. "Pipa halina umbea."

Aliporudi mjini hakupitia nyumbani. Alikwenda moja kwa moja kanisani, viatu vina tope, akamweleza padri. Padri Delattre alikuwa amewaambia wageni habari za mlevi kwa miaka kumi na miwili. Alilala chali sakafuni na joho lake, chini ya kiti cha kumi na saba, akamtazama mzee kwa muda mrefu.

"Kweli hajalewa," alisema mwishowe.

"Hajaonja hata tone, Baba."

"Na huo mlio ukoje?"

Philomène akajaribu kuuiga kwa ulimi, akashindwa, wote wawili wakacheka. Padri alizaliwa mjini. Pipa alilijua kwa nje tu. Novemba iliyofuata walipanda basi pamoja kwenda kwa Anselme, na safari hii aliyeambiwa anyamaze alikuwa padri.