Shati ya Abigaëlle

Kila asubuhi Mama Henriette alifua shati moja nyeupe ya masomo, ya binti yake Abigaëlle. Hakuna aliyeivaa. Alipokimbia fimbo za mume wake kule Kasulo aliinyakua kwenye kamba, akifikiri mtoto anamfuata nyuma. Kumbe baba alikuwa amemshika mlangoni.

Hapa kwenye kituo cha serikali, sisi wanawake tuliokimbia fimbo za waume tulizoea kuiona ikikauka katikati ya nguo zetu.

Juzi shangazi wa mume alikuja na kuku. Kwa ukoo wao, mwanamke akipokea kuku, amesamehe, na lazima arudi.

“Abigaëlle ameacha masomo,” shangazi akasema. “Ni yeye anamupikia baba yake. Na fimbo zako, ni yeye anazikula sasa.”

Mama Kabemba, mkubwa wa kituo, akamshika Henriette mkono. “Usipokee, mama. Ngoja siku tatu tu, polisi wataenda kumutosha mutoto kwa baba yake, wamulete hapa.”

“Na hizo siku tatu, atamupiga mara ngapi?”

Henriette akapokea kuku. Akaanua shati, bado ina maji, akatoka getini, kuku mkono huu, shati mkono huu. Hajarudi.