Injini Mpya, Tangi la Babu

Harufu ya petroli ikinipata popote, hadi leo, ninachokiona kwanza ni kanga ya mama ikining'inia kwenye kamba, uani kwetu, katika mtaa wa Waswahili mjini Gitega. Ilikuwa kanga kuukuu, maandishi yake yamekwisha kufutika, na baba alikuwa ameichukua bila kuomba ruhusa ili achujie petroli. Mwaka ule petroli ilikuwa adimu. Ilitufikia kwa madumu kutoka upande wa Tanzania, na kila dumu lilikuja na mchanga wake na maji yake. Baba aliikunja kanga juu ya faneli, akamimina taratibu kama mtu anayechuja tui, kisha akaianika palepale zilipoanikwa sare zetu za shule. Mama alilalamika kwamba watoto wake wananuka gereji mbele za watu. Baba alicheka tu, kwa kuwa alikuwa fundi magari na harufu ile hakuisikia tena.

Nilikuwa na miaka tisa, na shule zilikuwa zimefungwa kwa likizo kubwa ya kiangazi. Gitega ya wakati huo ilikuwa bado haijaletewa wizara wala magari ya wakubwa. Kulikuwa na vumbi jekundu, baiskeli zilizobeba mikungu ya ndizi, adhana, kengele ya kanisa, na nyundo za mafundi tangu asubuhi. Katikati ya ua wetu, chini ya kibanda cha mabati, ndipo lilipolala gari la babu. Lilikuwa gari dogo la michezo la kizamani, la chini, lenye pua ndefu, paa la turubai na viti viwili tu. Babu alikuwa dereva wa mfanyabiashara mgeni wa kahawa, na mgeni huyo alipoondoka nchini moja kwa moja alimwachia babu gari hilo. Watu wazima wa mtaani walikuwa bado wakisimulia jinsi babu alivyompakia bibi siku za Idd, yeye kavaa kofia ya kiua, bibi kajifunga mtandio usipeperuke, wakazunguka mji mzima bila safari yoyote ya maana.

Kisha vita vilikuja, na babu na bibi walikimbilia Tanzania pamoja na Yusufu, mdogo wake baba. Baba, mtoto wa kwanza, alibaki kulinda nyumba, gereji na gari. Babu alifia hukohuko ukimbizini, akazikwa na majirani na mwanawe mdogo. Bibi na baba mdogo Yusufu waliporudi, walikaa Butihinda, mkoani Muyinga, karibu na mpaka, wakalima mihogo na maharagwe. Baba alikwenda kuwalaki, nami nilikuwa naye, kwa kuwa nimepewa jina la bibi na mwenyewe alitaka kumwona somo wake. Siku hiyo bibi alimshika baba mkono mbele yetu sote akamwambia, "Ramadhani, baba yako hukumzika. Siku yangu ikifika, ushuke wewe kaburini unipokee. Nisipokewe na watu baki." Baba aliahidi. Kwetu sisi mtoto wa kwanza wa kiume hushuka kaburini kumpokea mzazi wake, na aliyelikosa hilo mara moja hataki kulikosa tena.

Kiangazi kile bibi alianza kuumwa miguu na kifua. Baba alisema atamleta Gitega aishi nasi, na hatamleta kwa basi bali kwa gari la mume wake. Tatizo lilikuwa injini. Ile ya zamani ilikohoa kila kilima, na Burundi nzima ni vilima. Ilikunywa petroli bila huruma katika mwaka ambao petroli yenyewe haikuwepo. Lakini lazima niiseme vizuri, maana ilikuwa na tabia moja njema: haikukata tamaa. Ikizimika, baba alifungua kabureta, akatoa kijibomba cha shaba kinachopitisha petroli, akakipuliza kwa mdomo, akatema, akawasha, tukaendelea. Nilidhani magari yote duniani hutibiwa kwa pumzi.

Papa Byamungu, Mkongomani wa Kivu aliyeuza vipuri sokoni, ndiye aliyempatia baba injini mpya, iliyotolewa kwenye gari la Kijapani lililogongwa ubavuni. Haikuwa na kabureta. Petroli yake ilisukumwa na pampu ya umeme, ikanyunyizwa na nozeli ndogo ndogo, na kompyuta yenye ukubwa wa kitabu ndiyo iliyoamua kiasi. Baba aliipenda kama mtoto mchanga. Alichomelea vishikio vipya kwa vyuma vya springi za lori, akafupisha shafti, akakata ukuta wa mbele wa gari ili injini ipate kukaa, na nyaya zake akazitandaza kwenye mkeka sebuleni hata tukawa tunakula tumejibana pembeni. "Baba Zuhura, siku moja utaleta na matairi kitandani," mama alimwambia. Majirani walikuja kutazama na kumsifu. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na nadhani sifa zile zilimwingia baba kidogo.

Papa Byamungu ndiye pekee ambaye hakusifu. Alipiga magoti nyuma ya gari, akagonga tangi kwa kidole, akasikiliza.

"Fundi, iyi moteri iko ya injeksiyo. Haipendake uchafu hata kidogo," alisema. "Tangi yako iko na kutu ndani. Toa hii, weka ingine."

"Esansi nachuja na kanga."

"Unachuja esansi. Kutu je, iko inachujwa na nani?"

Baba alilipapasa tangi kwa kiganja. Tangi lile lilikuwa na kiraka kirefu cha risasi ya kuyeyusha, mshono usionyooka, na kila aliyejua ufundi alikiona kuwa kazi mbaya. Babu ndiye aliyekitia kwa mkono wake kabla ya kukimbia. Kofia yake ilipotea, picha zake ziliungua, kaburi lake liko nchi ya watu. Kilichobaki cha mikono ya babu ni mshono ule. Baba alilijaza tangi kokoto na maji ya sabuni, akalitikisa na rafiki zake hadi wakatoka jasho, akalisuuza, akalirudisha. Mama, ambaye hakujua injini ila alimjua mumewe, alisema usiache mbachao kwa msala upitao: kama hawezi kuacha tangi la zamani, basi angebaki na injini ya zamani pia. Lakini injini ya zamani ilikuwa imekwisha kuchukuliwa na wanunuzi wa vyuma chakavu.

Gari liliwaka, na sijawahi kumwona baba akiwa na furaha kama siku ile. Halikukohoa. Lilipanda mlima wa soko kimya kimya, watoto wakalikimbilia nyuma. Tulipanga kumfuata bibi Jumamosi. Alhamisi, baada ya sala ya alfajiri, baba mdogo Yusufu alipiga simu kusema bibi amefariki.

Baba alikaa kwenye kizingiti, akauliza jambo moja tu, watazika saa ngapi. Yusufu akasema watamsubiri hadi baada ya alasiri. Muda ulitosha na kubaki. Mabasi hayakuwa yakienda kwa kukosa petroli, lakini sisi tulikuwa na gari, na tangi lilikuwa limejaa. Viti vilikuwa viwili, mama alikuwa na mtoto wa kunyonya, hivyo baba akanichukua mimi, somo wa marehemu. Tulipita Karuzi kabla ya adhuhuri. Upepo wa kiangazi ulinipiga usoni, na nasema kweli, ingawa nilikuwa nimelia asubuhi, njiani nilifurahi. Nilijihisi bibi siku ya Idd.

Mbele ya Buhiga, kwenye mlima, gari lilivuta pumzi vibaya, likapoteza nguvu, likazimika. Baba alishuka bila wasiwasi. Alifungua boneti, na mkono wake ukaenda wenyewe pale ilipokuwa kabureta ya zamani. Ulisimama hewani. Nilikuwa karibu naye, nikauona. Kisha akalala chini ya gari, akafungua chujio la petroli, akalipuliza kwa nyuma, likatoa matope ya rangi ya matofali. Akatema, akarudisha, akawasha. Tulikwenda mwendo mfupi, likazimika tena. Akapuliza tena. Midomo yake ilikuwa myekundu kwa kutu, na kila safari tulikwenda mwendo mfupi zaidi. Mwishowe pampu ililia kama mbu, ikanyamaza, na hapo hapakuwa tena na kitu cha kupuliza.

Hakuna gari lililopita, kwa kuwa petroli haikuwepo. Walipita wenye baiskeli, wakasimama, wakatupa pole kwa Kirundi, wakasaidia kusukuma hadi kivulini. Mmoja alijitolea kumpakia baba, lakini baiskeli isingefika Butihinda kabla ya jua kuzama, na baba asingeniacha mlimani peke yangu. Tulikaa. Simu ikalia saa kumi. Nilimsikia Yusufu, maana simu za zamani zilipiga kelele:

"Kaka, tumeshaswali. Shekhe anasema tusimcheleweshe zaidi. Umefika wapi?"

Baba alitazama barabara ya mbele, akatazama ya nyuma.

"Mzikeni," alisema. "Shuka wewe, Yusufu. Mshike vizuri mama."

Kisha alitawadha kwa maji yangu ya kunywa, akasugua midomo mpaka kutu ikatoka, akatandika turubai la gari majanini kuelekea kibla, akaniambia nisimame nyuma yake. Alimswalia mama yake kwa mbali. Sikuijua sala ya maiti. Nilisubiri arukuu nimfuate, hakurukuu. Nikasubiri asujudu, hakusujudu. Alisimama tu, akasema Allahu Akbar mara nne, akatoa salamu. Nilitamani sana ainame, kwa sababu nilihisi angalau angepata mahali pa kuuficha uso wake.

Tulifika Butihinda kesho yake juu ya lori la chumvi. Udongo wa kaburi ulikuwa umeanza kukauka. Baba alimwomba Yusufu amweleze kila kitu: nani alishuka naye, nani alishika kichwa, mama alikuwa mzito au mwepesi. Yusufu alieleza, naye akasikiliza kama mwanafunzi. Tangu hapo, kila Idd walipokutana, alimwomba amsimulie upya, na Yusufu, Mungu amlipe, hakuchoka.

Sasa Gitega ni mji mkuu. Mimi nauza vitambaa karibu na soko, na petroli imeadimika tena hivi kwamba pikipiki hulala foleni. Lakini ningetaka kufika Muyinga leo kwa maziko, ningefika, maana barabara ni nzuri na watu wa kuniazima gari lenye petroli wapo. Baba amezeeka na akili yake inakuja na kuondoka. Gari halikumbuki. Tangi na mshono wake, ukimtajia, anakutazama kwa adabu tu. Anachokisimulia, akishakunywa chai yake ya jioni, ni siku alipomzika mama yake. Husema alishuka kaburini yeye na Yusufu, yeye akashika upande wa kichwa, na kwamba bibi alikuwa mwepesi kama mtoto, na udongo wa Butihinda ulikuwa wa baridi ingawa ni kiangazi. Zamani nilitoka nje nilie. Siku hizi nakaa. Juzi alinishika mkono akaniuliza kama ninakumbuka alivyompokea.

"Nakumbuka, baba," nikamwambia. "Nilikuwa nawe."