Simbilisi wa Mama Debora

Zuwena Tawakali alipika kwa miaka ishirini na miwili katika shule moja ya bweni mjini Lindi, na kwa muda wote huo hakuna mwanafunzi aliyeondoka jikoni kwake na sahani nusu. Kama ugali ulibaki, aliita waliokwisha kula warudi. Kama maharage yalikuwa machache, aliongeza nazi aliyoitoa kwake nyumbani. Hata alipostaafu na kurudi kukaa Mitwero, mumewe akiwa amekwisha kufariki na mwanawe Haruna akiwa fundi wa boti huko Songo Songo, bado alipika chungu cha watu sita. Kilichobaki aligawa kwa majirani.

Jirani wa karibu zaidi alikuwa Antonia, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Debora. Alikuwa Mmakonde wa Newala, Mkatoliki, mwanamke mrefu asiyependa maneno mengi. Mumewe alifanya kazi miaka mingi katika mashamba ya chai kule Njombe, na huko ndiko walikojifunza kufuga simbilisi. Alipofiwa akaamua kuhamia Lindi, alisafiri siku mbili kwa basi na simbilisi sita ndani ya tenga alilolifunika kwa khanga. Watu wa Mitwero walikuja kuwatazama. Wengine walisema ni panya wasio na mkia, wengine wakasema ni sungura waliokatwa masikio. Antonia hakubishana na mtu. Aliwaeleza tu kwamba ni wanyama wapole, wanakula majani, wanazaa haraka, na nyama yao ni tamu.

Zuwena hakuionja nyama hiyo hata mara moja. Alisema roho yake haitaki, na Antonia hakumlazimisha. Kila Krismasi alimpelekea kuku badala yake, tena akiwa hai, ili Zuwena amchinjishe mwenyewe kwa Mwislamu mwenzake. Kwa mambo kama hayo wakawa kama ndugu.

Mwezi wa Aprili, masika yakiwa yamekolea, Antonia aliteleza kwenye ngazi za kisimani akavunjika mfupa wa nyonga. Binti yake Debora alikuja kutoka Dar es Salaam kumchukua kwa matibabu. Gari likiwa limewashwa, Antonia alimshika Zuwena mkono kupitia dirishani.

"Mama Haruna, wanyama wangu nakuachia wewe. Wape majani tu, na maji. Hawana makuu."

"Nenda ukapone," Zuwena akamjibu. "Hawa ni amana kwangu."

Walikuwa kumi na tisa, katika vibanda vya mbao vya ghorofa mbili nyuma ya nyumba. Wiki ya kwanza Zuwena alifanya kama alivyoagizwa. Alikata ukoka asubuhi na jioni, akawatazama wakitafuna. Lakini roho haikutulia. Majani tu, siku nenda siku rudi, aliona ni kama kumwandalia mgeni ugali bila mboga. Alidhani Antonia alisema vile kwa kuona haya, asije akamtwisha mzigo.

Basi akaanza kuongeza. Kwanza majani ya mlonge wa uani kwake, ambayo waliyagombania. Halafu mchicha. Halafu, kwa kuwa alikuwa na kuku, akawachanganyia pumba na chakula cha kuku wa mayai, na juu yake akanyunyiza unga wa vichwa vya dagaa ili wapate nguvu. Simbilisi wakanenepa. Walipomsikia akifungua mlango wa uani walipiga mluzi wote kwa pamoja, naye alijisikia kama yuko tena jikoni shuleni na kengele ya chakula imelia. Aliwapiga picha kwa simu akamtumia Debora. Antonia akarudisha ujumbe wa sauti, akicheka kwamba sasa wanyama wamemzidi yeye unene.

Mwezi wa Julai majani yalianza kukauka. Zuwena akapunguza ukoka, akazidisha pumba na mlonge, akiona ni afadhali. Asubuhi moja alisikia sauti asiyoijua. Haukuwa mluzi wa njaa. Ilikuwa sauti nyembamba, ya kuvutwa, kama ya kitu kinachobanwa. Alipochungulia alimwona dume mwenye paji jeupe amejikunyata kwenye kona, mgongo umepinda, anajikamua. Gunia chini yake lilikuwa na doa la rangi ya waridi.

Alidhani wamepigana. Akamtenga, akampa mlonge zaidi, kwa sababu watu husema mlonge ni dawa ya kila kitu. Siku ya tatu yule dume alikufa. Haikupita wiki, akafuata jike mmoja, kwa namna ile ile.

Jumapili Antonia alipiga simu. Alizungumzia mguu, chuma alichowekewa na mazoezi yanayomliza. Kisha akauliza kama wanyama hawajambo.

"Wazima, alhamdulillahi," Zuwena akasema.

Neno lilimtoka kabla hajafikiri. Alijitetea moyoni kwamba mgonjwa hapaswi kupewa habari za kumuumiza, na kweli Debora alikuwa ameomba mama yake asitiwe wasiwasi. Lakini baada ya kukata simu alikaa kitandani muda mrefu na khanga yake mkononi, hakumbuki alikuwa akienda wapi. Tangu utoto wake kwenye vilima vya Kipatimu alifundishwa kwamba amana haichezewi, na sasa alikuwa ameipoteza, kisha akasema uongo juu yake.

Alipokufa wa tatu, dume mdogo ambaye jana yake alikuwa akirukaruka, Zuwena hakumzika. Alimtia kwenye ndoo yenye kifuniko akaenda moja kwa moja kwa afisa mifugo wa kata, kijana aitwaye Josephat.

Josephat alimwamkia, akaitazama ndoo, akasema ukweli wake. Chuoni alisoma ng'ombe, mbuzi na kuku. Simbilisi aliwasoma ukurasa mmoja. Lakini kumpasua angeweza. Walitoka hadi kwenye meza ya nyuma ya ofisi, akavaa glavu, akafanya kazi polepole. Alipofika kwenye kibofu kisu kiligonga kitu. Akakitoa, akakisuuza, akakiweka kwenye kiganja cha Zuwena. Kilikuwa kijiwe cheupe chenye umanjano, kikubwa kama punje ya harage, chenye kuparuza kama matumbawe.

"Mama, huyu hakuweza kukojoa," Josephat akasema.

Hapo hapo akampigia mwalimu wake wa zamani huko Njombe, mama mmoja aliyewajua wanyama hawa, akaweka simu kwa sauti kubwa. Mwalimu aliuliza jambo moja tu kwanza: wanakula nini? Zuwena akaanza kutaja. Alianza kwa sauti ya mtu anayejivunia meza yake, akataja mlonge, mchicha, chakula cha kuku wa mayai. Alipofika kwenye dagaa sauti ilikuwa imeshuka.

Mwalimu hakumgombeza. Alieleza kwamba vyote alivyovitaja vimejaa madini yale yanayojenga mifupa na maganda ya mayai. Kuku anayetaga anayahitaji. Simbilisi mzima yakimzidi huyatoa kwa mkojo, na kama mkojo ni mzito na maji anayokunywa ni machache, madini hutulia kibofuni kama mchanga, mchanga ukashikana ukawa jiwe. Majike wakati mwingine hupitisha vijiwe vidogo. Madume njia yao ni nyembamba, wengi hufa. Akauliza na maji. Zuwena akasema ni ya kisima, yale yanayoacha ukoko mweupe kwenye sufuria. Mwalimu akasema ayaache.

Dawa ilikuwa kurudi kwenye majani. Ukoka na majani mengine ya porini, mabichi na makavu, mchana na usiku, wasikose. Tango, pilipili hoho kipande, majani ya mahindi. Pera au chungwa kidogo, kwa kuwa simbilisi, kama binadamu, asipopata matunda au mboga mbichi fizi zake huoza. Mlonge asiuondoe kabisa, ila uwe jani mojamoja kwa wenye mimba na wanaokua. Na maji mengi, katika vyombo viwili au vitatu kila banda, yabadilishwe kila siku.

Simu ilipokatika Zuwena bado alikuwa ameshika kile kijiwe.

"Kwa hiyo mimi ndiye niliyewaua."

Josephat alivua glavu kwanza. "Ulikusudia mema, mama. Lakini ndiyo, ni chakula."

Zuwena alimshukuru kwa kutomficha. Njiani kurudi hakumsalimu mtu.

Siku iliyofuata aliondoa pumba na dagaa. Simbilisi walikataa majani. Walipiga mluzi asubuhi, mchana na jioni, wamesimama kwa miguu ya nyuma, pua kwenye wavu. Mwanamke ambaye maisha yake yote hakuweza kumwona kiumbe akiomba chakula akamnyima, alisimama mbele yao mikono mitupu, akaingia ndani akafunga mlango. Siku ya tatu wakaanza kula ukoka.

Ukoka wenyewe ulikuwa kazi. Kiangazi kilikuwa kimeunguza kila kitu karibu na nyumba, kwa hiyo kila alfajiri baada ya swala alishuka bondeni kwenye bustani za mboga, ambako maji yalitiririka na majani yalibaki mabichi. Magoti yalimuuma akipanda kilima na kiroba kichwani. Wenye bustani walimzoea, wakamwekea matango yaliyopinda na hoho zilizotobolewa na wadudu. Maji aliyatoa kwenye tangi lake la mvua, yale aliyojiwekea ya kunywa. Akanywa ya kisima yeye, wakanywa ya mvua wao.

Kisha akapiga simu Dar es Salaam. Alimwomba Debora atoke chumbani, akamweleza Antonia yote bila kupunguza: mlonge, dagaa, watatu waliokufa, na lile neno "wazima."

Antonia akauliza, "Yule wa paji jeupe?"

"Wa kwanza alikuwa yeye."

"Baba yake nilimleta na tenga lile. Mama Haruna, kwa chakula sikulaumu. Ukoo ule una mawe. Njombe walinifia wanne kabla sijajua, ndiyo maana nawapa majani tu. Nilitakiwa kukwambia, nikaona maneno mengi ya nini. Hilo ni langu. Lakini ungeniambia siku ile nilipokuuliza."

"Nilikosa."

"Ulikosa," Antonia akasema. "Haya. Jike kikongwe yuko?"

Jike kikongwe, yule wa rangi ya kahawia waliyemwita Bibi, alikuwepo, lakini naye alikuwa ameanza kutoa damu. Antonia akamwelekeza jinsi ya kumshika, kumnywesha maji kwa bomba la sindano lisilo na sindano, na kumwekea majani yaliyoloweshwa. Tangu siku hiyo walizungumza kila jioni, na habari ya kwanza ilikuwa mkojo wa Bibi. Debora alisema mama yake alifanya mazoezi ya mguu kwa bidii zaidi kuliko mwanzo, ili awahi kurudi.

Kwa siku kumi na moja Bibi alijikamua na kulia. Josephat alipita kumwona mara mbili, akasema wazi kwamba hana matumaini. Siku ya kumi na mbili Zuwena alimkuta anakula. Alitoa gunia la chini akalikagua kipande kwa kipande kama mtu anayechambua mchele, akakiona: kijiwe kidogo kuliko punje ya choroko, na doa la damu pembeni. Alikipiga picha. Antonia alipoiona alituma ujumbe wenye sauti ya kilio na kicheko pamoja, na wagonjwa wenzake wa mazoezi, Debora alieleza baadaye, waliuliza ni nani kajifungua.

Antonia alirudi mwezi wa Oktoba kwa magongo mawili. Kabla ya kuingia nyumbani alizunguka nyuma kwenye vibanda. Akawatazama mmoja mmoja, akaingiza mkono akapapasa gunia, akanusa maji. Zuwena alisimama nyuma yake akingoja kama mwanafunzi.

"Wamekonda vizuri," Antonia akasema.

Wakakubaliana kwamba watoto wa yule wa paji jeupe wasipandishwe tena, wawekwe banda lao mpaka wamalize siku zao. Mguu wa Antonia haukurudi kukunjika kama zamani, kwa hiyo kushuka bondeni kulibaki kwa Zuwena, naye Antonia akachukua kuku wa Zuwena awe anawalisha yeye.

Mwaka uliofuata Josephat alimwomba Zuwena aende Rondo kuzungumza na kikundi cha wafugaji waliokuwa wakitaka kuanza na simbilisi. Alikataa mara mbili, akisema yeye ni mpishi, si mwalimu. Mara ya tatu akaenda. Alisimama mbele ya watu kama thelathini, akaanza na wale watatu waliokufa mikononi mwake, akaonyesha kile kijiwe cha kwanza alichokuwa amekifunga kwenye kitambaa, kikapita mkono kwa mkono. Akaeleza habari ya majani, maji na mlonge kidogo. Mkulima mmoja, Alex, akauliza kama pumba kidogo zingedhuru, maana wanyama wake walionekana wanazitamani sana.

"Watazitamani," Zuwena akasema. "Wewe kata majani."

Mwanamke aliyekaa mbele akataka kujua kama nyama ya simbilisi ni tamu kweli kama wanavyosema. Watu wakacheka. Zuwena akamjibu kwamba yeye hajui, ila akifika Mitwero aulize nyumba ya Mama Debora, huko ataambiwa.