Matobolwa Si Chakula

Dada yangu alipasuliwa ngiri hospitali ya misheni, akashonwa, akarudishwa kwa mume wake kijijini, nje kidogo ya Ushirombo. Mama akanitoa Mhunze nije nimtunze. Daktari alikuwa amemwambia bila kumung'unya maneno: ngiri moja ameifunga, imebaki nyingine juu ya kitovu, na hiyo haigusi mpaka unene upungue, kwa sababu nyuzi hazishiki kwenye mafuta. Utumbo ukinasa kabla ya hapo, aletwe mbio, hata kwa mkokoteni wa ng'ombe. Wanaocheleweshwa hufa.

Hospitali ilikuwa mbali, kwa hiyo tulimpimia kwenye godauni la pamba. Pale palikuwa na mizani ya chuma ya kukanyaga, yenye mkono na jiwe la kusogeza. Mpima pamba alikuwa jirani. Tulimwambia uzito alioutaka daktari, akaweka alama ya chaki kwenye ule mkono. Jiwe likifika kwenye chaki, dada anakwenda kupasuliwa. Basi.

Mwanzoni jiwe lilirudi nyuma kila tulipokwenda, magauni yakampwaya, nikaanza kuringa njiani kama nimepungua mimi. Halafu likagoma. Tukienda, palepale. Tukirudi tena, palepale.

"Palepale, mama," mpima alisema siku moja, taratibu, asisikiwe na watu wa foleni. Lakini walisikia.

Mzee mmoja aliyekalia gunia lake akacheka. "Sisi tunanyunyizia pamba maji izidi, mwenzetu anataka apungue. Mama, si tubadilishane?"

Foleni nzima ikacheka. Mimi mdomo wangu haujawahi kusubiri ruhusa. Nikamwambia, "Shikamoo babu. Kwenye gunia lako kuna mchanga, kwenye tumbo la dada yangu kuna mshono. Ukitaka kubadilishana, lala chini upasuliwe."

Dada akanivuta kanga. "Twende. Usinigombee kwa watu."

Nyumbani tulimkuta wifi yake, dada wa mume, anapepeta mtama. Alitutazama nyuso, akajua.

"Halijashuka?"

"Halijashuka," nikasema.

"Basi anakula kwa kujificha. Mtu hashindi njaa akabaki hivyo."

Nilikuwa na mwiko mkononi, nikamnyooshea. "Rudia hilo neno nikutoe meno. Ugali anaokula ni tonge la ngumi, jioni tu, napika mimi, nampakulia mimi. Mchana hali kitu. Na mimi sili, nakaa naye."

"Mmh," wifi akasema, akaendelea kupepeta. Ile "mmh" niliichukia kuliko tusi.

Nikambana dada zaidi. Tonge nikalipunguza, mboga nikaipika bila samli. Jiwe likabaki palepale. Akaacha kuvaa gauni la kutokea. Akawa anashika pale juu ya kitovu kila saa, anabonyeza, anasikiliza.

Mchana mmoja pakakaza. Tulikuwa kivulini tunachambua pamba, akainama ghafla, jasho likamtoka usoni. Kile kivimbe kilikuwa kigumu kama kiazi. Nikapiga kelele, wifi akaja mbio kutoka shambani, akamlaza chali, akamkunja magoti, akamwambia apumue. Tukakaa hivyo, mimi nimemshika kichwa, hatujui kama tutafute mkokoteni au tungoje. Kikalegea. Kikarudi ndani.

"Ni njaa hii," nikasema, nalia kwa hasira. "Hajala kitu tangu jana."

Wifi alikuwa anatazama pembeni ya mkeka. Palikuwa na ungo wetu: maganda ya karanga, na matobolwa yaliyobaki, vile viazi vilivyochemshwa vikaanikwa. Kando yake kibuyu cha mtindi.

"Na hivi ni nini?"

"Matobolwa," nikasema. "Si chakula."

Nikajisikia mwenyewe nilichosema. Sisi kwetu ndivyo tulivyolelewa. Chakula ni ugali. Mtu anatafuna viazi tangu asubuhi, ukimwuliza umekula, anakujibu bado, na hadanganyi. Daktari aliuliza anakula mara ngapi kwa siku, dada akasema moja. Kweli tupu.

Wifi hakucheka. Angecheka, ningempiga. Akachukua ungo.

"Wifi, acha," dada akasema, bado amelala. "Ugali mmeshaninyima. Na hayo nikiyakosa, mchana nabaki na nini?"

"Na sisi," wifi akasema, akaondoka nao. Kesho yake alikuja kuchambua pamba pamoja nasi, mdomo mtupu kama sisi.

Dada alininunia. Na jiwe, nisidanganye, halikushuka mara moja. Tulikwenda likagoma tena, nikataka kulipiga teke. Ndipo likaanza kusogea, kidogo, kwa shingo upande.

Lilipogusa chaki, godauni lilikuwa karibu kufungwa, msimu unaisha. Mpima aliinama akaangalia mara mbili. "Limefika, mama."

Nikageuka kumtafuta mzee wa maji na pamba, nimtambie, hakuwepo. Wifi alishatoka mbio kumwambia kaka yake atoe baiskeli.

Dada hakushuka kwenye mizani. "Nipelekeni sasa hivi," alisema. "Kabla sijanywa hata maji."