Hongera niliyoitoa Kingsbury

Leo nimesema neno natamani ningelirudisha mdomoni.

Nilipita dukani kwa Mama Nirmala, hapa Kingsbury ughaibuni, kununua dengu. Ni Mgujarati mzaliwa wa Mombasa, na Kiswahili chake ni cha Mvita hasa.

Akanionyesha kwenye simu picha za soko kongwe la Jamnagar, India, ambako nilijua kaka yake ana duka la vitambaa. Soko limekarabatiwa, roshani za mbao zimesimama upya, magari hayaingii tena.

"Hongera," nikamwambia. "Sasa kaka atapata wateja."

Akaiweka simu kwenye kaunta.

"Yeye ndiye aliyehangaika miaka yote lisibomolewe, mwanangu. Limefunguliwa jana. Yeye amefariki Jumatatu."

Jamani! Nikazunguka kaunta nikamkumbatia, akalia, na wateja wakasubiri.

Nyinyi mngemwambia nini?