Zamu ya Batri, Zamu ya Resho

Miaka ile kiwanda cha Shituru kilipokuwa kinakufa polepole, mishahara haikuja tena, lakini umeme uliendelea kuingia katika nyumba zetu za wafanyakazi. Upande wa Buluo, mtaa mwingine, wengi hawakuwa nao. Kwa hiyo walibeba batri za magari, walizowashia redio na televisheni, wakazileta mtaani kwetu zijazwe.

Aliyezijaza alikuwa rafiki yangu, msichana wa nyumba ya mbele, kwa chombo alichoachiwa na baba yake. Uwanja wake ulijaa watu, vicheko, viti vya kuazima. Wetu ulikuwa na kuku wawili. Kila asubuhi nilimchungulia, kama mtu anayegusagusa jino linalouma.

Kabini ya umeme ya mtaa, kile kibanda cha transfoma, haikuweza kubeba batri zake na majiko ya umeme ya mama zetu, zile resho, kwa wakati mmoja. Iliwahi kuungua, tukapika bukari, ugali wetu, kwa makaa wiki nzima. Ndipo baba yangu, fundi umeme, alipoweka zamu: asubuhi batri, adhuhuri resho. King'ora cha kiwanda kilikuwa kimenyamaza, na saa ya ukutani ilibaki kwetu tu. Wengine walikuwa wameuza zao. Basi kila siku saa tano na nusu mimi nilitundika kitambaa chekundu kwenye uzio wa kabini. Rafiki yangu akikiona, anachomoa nyaya zake, na mama zetu wanawasha resho.

Kila Jumamosi mwalimu mmoja kijana wa Buluo alileta batri yake. Aliiacha kwa rafiki yangu, akarudi adhuhuri, akakaa kuongea naye. Nilimpenda mwalimu huyo bila kumwambia mtu. Nikawaza: batri ikirudi haijajaa, mwalimu atamchoka rafiki yangu.

Jumamosi moja nilitundika kitambaa saa tatu na nusu. Rafiki yangu akachomoa nyaya bila kuuliza.

Mwalimu alipofika, akaigusisha batri balbu ndogo. Balbu ikawaka kwa wekundu hafifu.

"Hii iko na njaa bado," akasema.

"Minye siyui, leo saa imekimbia," rafiki yangu akajibu. "Tuipeleke ku garaji ya mu mji. Nitakusaidia kubeba."

Wakaitia kwenye beseni, kila mmoja akashika sikio moja la beseni, pale pa kushikia. Nilitoka mbio hadi barabarani.

"Acha minye nimusaidie mwalimu," nikamwambia rafiki yangu. "Weye uko na watu wanakungojea."

"Wanangojea nini, dada? Angalia kitambaa yako."

"Basi twende wote."

Mwalimu akatabasamu. "Beseni iko na masikio mbili tu, dada."

Wakacheka, bila ubaya wowote, na hilo ndilo lililonichoma.

Maji ya batri humwagika mmoja akienda haraka kuliko mwenzake. Kwa hiyo walilinganisha hatua, bega kwa bega, taratibu, hadi kona ya reli. Mjini ni mwendo wa saa nzima. Mimi ndiye niliyewapa saa hiyo, na nyingine ya kurudi.