Macho Tuliyoyatuma Sinema

Kazi ya kuvunja mawe haina cha kusifia, na mtu akikuambia aliipenda, huyo hakuifanya. Tulikuwa watu tisa katika machimbo ya matumbawe nje ya mji wa Dar es Salaam, siku zile kabla sinema hazijaanza kusema. Tulitoka Kariakoo alfajiri kwa miguu, tukarudi jioni kwa miguu, weupe kwa vumbi. Sisi tulivunja kokoto, Wazungu wakapata barabara. Mimi Theophil nilitoka Mahenge nikiwa na nia ya kukaa mwaka mmoja tu. Ule ulikuwa mwaka wa sita, na nia ilikuwa bado ileile.

Kila mtu alikuwa na sanduku lake la mbao lisilo na kitako. Ukilijaza kokoto hadi ukingoni, mnyapara anakuja, analinyanyua, lundo linabaki chini, naye anatia alama kwenye kipande chako, ile kadi ya kuhesabia siku za kazi. Likipungua hata kiganja kimoja, hakuna alama, na jasho lako la siku limekwenda bure.

Miongoni mwetu alikuwapo Mwinyimvua, Mzaramo wa upande wa Kisarawe, mtu mzima, aliyekuwa kwenye tanuri la chokaa kabla ya kuletwa kwetu. Huyu ndiye tuliyemtuma sinema. Sijui wengine walifanyaje; sisi tulifanya hivi. Tulichanga, tukampa kiingilio cha benchi za mbele katika ukumbi wa Bwana Harshad kule Uhindini, naye Jumamosi mchana, tukishatoka kazini, akaenda kutazama kwa niaba yetu wote. Kuanzia Jumatatu alitusimulia kidogo kidogo, filamu moja wiki nzima. Na kwa kuwa mtu hawezi kusimulia vizuri huku anaponda jiwe, kila mmoja wetu alimwagia karai moja katika sanduku lake. Likajaa, naye hakushika nyundo ila kwa kumridhisha mnyapara.

Tulimchagua kwa ajili ya ulimi wake. Mwinyimvua akisema mvua inanyesha, unatafuta pa kujibanza. Nami nakiri, saa zile za hadithi ndizo pekee ambazo sikulitazama jua kuona limefika wapi. Nilisahau kiu, nikamsahau mnyapara, nikawa mtu mwenye farasi na mke anayenililia.

Lakini uchovu humtia mtu roho mbaya. Masika ya mwaka ule mkono wangu wa kulia ulivimba, na lile karai la Mwinyimvua likawa linaniuma kuliko sanduku langu zima. Nikaanza kumtazama kwa jicho lingine. Ameketi, amekunja miguu, anapapasa jiwe lilelile tangu asubuhi, na sisi tunamlisha. Kasmir, Mnyamwezi wa Tabora, alikuwa akimwambia kila siku kwamba Wazaramo wanalima kwa ulimi. Ule ulikuwa utani, na mtani hakasirikiwi. Wangu mimi ulikuwa wivu.

Basi Jumamosi moja nikaenda mwenyewe, bila kumwambia mtu. Nilisimama mlangoni mpaka kengele ikalia, nikimwangalia kila aingiaye. Mwinyimvua sikumwona. Nikaingia taa zikiwa zimezimwa, nikakaa nilipopata. Filamu yenyewe ilikuwa ya bwana mmoja mnene anayekwenda kuoa, mbwa akamtoroka na suruali yake, wakakimbizana mji mzima. Watu walishika mbavu. Mimi sikucheka, mkono ulikuwa unawaka moto. Ilipokwisha nikasimama tena mlangoni, watu wakamwagika nje, sikumwona, nikaondoka. Nikasadiki kwamba kiingilio chetu anakila.

Jumapili tulipokutana baada ya misa, nilimwambia Kasmir kwamba nimekwenda sinema, na kwamba kesho atasikia jambo. Nilifurahi kumwambia, na sijivunii furaha ile.

Jumatatu Mwinyimvua akaanza. Hapakuwa na bwana mnene wala mbwa. Palikuwa na kijana anayekwenda kumchukua mchumba wake ng'ambo ya mto, mto umefura, farasi amegoma kuingia majini. Mjomba wa bibi harusi anajitia ushujaa, anatangulia, anaanguka matopeni na kanzu yake ya shughuli. Watu wakaangua kicheko. Kisha hadithi ikapoa, bibi harusi akasimama ukingoni peke yake, na wanaume wazima wakashusha nyundo. Nami niliyejua ni uongo, nikashusha yangu pia. Hilo ndilo lililonikasirisha zaidi.

Saa ya kunywa maji nikamvuta pembeni, nyuma ya lundo.

"Mzee Mwinyimvua, Jumamosi hukwenda sinema."

"Nilikwenda."

"Nilisimama mlangoni, sikukuona."

"Huingia mapema, kabla hawajazima taa. Na hutoka wa mwisho. Wewe ulikuwa nyuma yangu, mwanangu. Ulikohoa mara mbili. Watu wote walicheka, wewe hukucheka. Nikajiuliza, huyu Theophil ana nini leo?"

Nikamtazama macho. Miaka miwili nimevunja mawe kando ya mtu huyu, na sikuwahi kumtazama macho. La kushoto lilikuwa jeupe kabisa, na la kulia limeanza kufuata. Akaniambia bila kulalamika kwamba chokaa ya tanuri ilimrukia, kwamba sasa anaona mwanga tu, na kivuli cha mtu akisogea. Kazini huja nyuma ya sauti zetu. Pale ukumbini husikiliza. Kinanda cha Mhindi anayepiga pale mbele filamu ikienda, kikipigwa polepole, anatia msiba. Watu wakicheka, anamwangusha mtu matopeni. Yaliyobaki hujaza mwenyewe.

"Na ule mto?" nikamuuliza.

"Ule ni Ruvu wa kwetu. Huo nauona vizuri kuliko wewe." Akanitafuta bega kwa mkono. "Ukisema, mnyapara atanipa kipande changu niende. Niende wapi na macho haya? Lakini ni haki yako, karai ni lako. Sema."

Tulirudi kila mtu mahali pake, na mimi, kwa aibu, nikahama nikakaa upande wa pili wa duara letu la kazi, mbali naye. Nilikuwa nimesahau kwamba Kasmir ananisubiri. Akatua nyundo, akasema mbele ya wote, mnyapara akiwa hatua chache tu:

"Theophil, wewe Jumamosi ulikuwapo. Haya ya farasi na mto, umeyaona?"

Nyundo zikanyamaza. Hata mnyapara aligeuka. Mwinyimvua naye aliinua uso kusubiri jibu langu, lakini aliuelekeza pale nilipokuwa nimekaa asubuhi, penye jiwe tupu. Niliogopa kwamba wote wataliona jambo lile, nikajibu haraka.

"Nimeyaona," nikasema. "Na mengine ameyaruka."

Kasmir akacheka, akasema basi leo dunia imekwisha, Mzaramo kasema kweli. Mnyapara akatukemea turudi kazini. Uso wa Mwinyimvua ulikuwa umekwisha kuifuata sauti yangu hadi nilipo. Alifungua kinywa aendelee, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue, hadithi ikampotea.

"Tulifika wapi?" akauliza.

"Mtoni," nikamwambia. "Farasi amegoma, na maji yanapanda."

Nikajaza karai langu, nikavuka duara, nikalimwaga katika sanduku lake. Mkono uliniuma sana. Kisha nikarudi kujaza la pili.